Kitanda Changu Hakikatwi Miguu

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanguka kitandani. Tena! Binti yangu kaingia na chai, kanikuta sakafuni. Nikamwambia nanyoosha mgongo. Hakucheka. Kasema nikianguka tena analeta msumeno, anakata miguu ya kitanda kiwe kifupi. Kitanda nilichokichonga mwenyewe kabla ya harusi yangu! Fundi seremala mzima nilale chini kama kuku?

Jumanne, 5 Machi
Kaja muuguzi wa zahanati. Kasichana, ila kana adabu. Shikamoo yake nimeiitikia. Mengine yamepita: eti mkeka kando ya kitanda utanitelezesha, taa iwe karibu na mkono, nisiinuke kwa pupa. Binti kaondoa mkeka. Nimeurudisha.

Jumatano, 6 Machi
Nimemtembelea jirani, yule tunayemwita Randa. Naye alikuwa seremala, kama kupigilia misumari ni useremala. Mwanawe kamfungia mpini wa kushikia kando ya kitanda. Anauonyesha kama kaoa upya. Kaniambia, mzee mwenzangu, hata wewe utaweza, ukifundishwa. Mimi! Nifundishwe! Na Randa!

Alhamisi, 7 Machi
Nimejenga kizuizi kuzunguka kitanda kizima. Mbao ngumu, kimo cha kifua. Fahali haruki. Nimejilaza mchana kukijaribu. Usingizi mtamu ajabu. Kuamka, hakuna pa kutokea. Nikaparamia. Nimeanguka kutoka juu kuliko siku zote. Bega, jamani! Aliyesikia kishindo ni Randa, nani mwingine? Kakizunguka kizuizi, kakipapasa, kasema kazi safi, ila umesahau mlango. Kisha kaenda moja kwa moja kumwambia binti yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Msumeno umefika. Lakini binti kasimama tu, anakitazama kitanda. Kauliza, baba, kitanda kipana hivi, mbona unalala ukingoni kabisa, ukutani patupu? Nikasema msumeno wenyewe ni butu. Kauliza tena, taratibu. Nikamwambia ukutani ni pa mama yako.
Kauweka msumeno chini. Kakaa karibu yangu. Tangu mazishi ya mama yake hatujawahi kukaa vile, bila kubishana.
Baadaye tumekigeuza kitanda, yeye akisukuma, mimi nikiamuru. Sasa upande wangu ndio wa ukutani. Miguu mizima! Lakini kaapa: nikianguka tena, anakata bila kuniuliza. Wazo la kugeuza ni zuri. Nimemwambia nilikuwa nalo siku nyingi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimejilaza baada ya chakula. Ukuta mgongoni. Hapa siwezi kuanguka hata nikilipwa. Usingizi umegoma. Nikawaza: kumbe sasa mama watoto ndiye yuko ukingoni! Mke alale nje, mume kajibanza ukutani? Hata aibu sina? Nikasogea. Kidogo. Halafu kabisa. Nikamwachia ukuta wake.

Jumapili, 10 Machi
Nimeanguka asubuhi. Bega lilelile. Bahati binti yuko ibadani.
Mama watoto hakuanguka. Unaona? Mbinu yangu inafanya kazi. Nimepanda tena, palepale ukingoni.