Geti la Zabibu na Simu Iliyojaa

Jumatatu, 2 Juni

Nimemaliza geti! Geti la maisha yangu. Vichala kumi na viwili vya zabibu, chuma kitupu, kila punje nimeichomelea mwenyewe. Kizota nzima, hapa Dodoma, haina mfano wake. Alhamisi anakuja Mama Angelina, nesi mstaafu anayejenga Nkuhungu, kuchagua fundi wa geti lake: mimi, au jirani yangu wa karakana, Bartolomayo. Bartolomayo ana kitochi. Kitochi! Mimi nina simu janja. Mama ataona picha, basi, kazi yangu.

Nikaelekeza kamera. Simu ikasema memori imejaa.

Mwenye geti analichukua keshokutwa kulipeleka Chamwino. Sina wasiwasi. Nikapakua programu ya kusafisha simu. Haikuingia, hakuna nafasi. Nikafuta picha za mama mkwe. Ikaingia. Imeondoa takataka za MB arobaini. Yenyewe ina MB tisini.

Jumanne, 3 Juni

Mke wangu Munira kaishika simu, kakuta programu sitini na moja. Ratiba ya treni, nami sijawahi kupanda treni. Vikokotoo vitatu. Dira. Anasema programu huingia ndogo kama mgeni mwenye kibegi, ila kila siku inajiwekea picha na video zake mpaka nyumba inajaa. Nifute nisizotumia. Nikamwambia mambo ya ufundi amwachie fundi. Je, nikipotea porini bila dira?

Adui halisi ni kikundi cha ukoo kwenye simu. Baba mkubwa Khamisi, kule Kondoa, kila alfajiri hutuma picha za maua na dua. Kutoka siwezi, ukoo mzima utaona. Nikaandika kwa adabu, shikamoo kwanza, kwamba maua yaje Ijumaa tu. Yamekuja majibu ya sauti kumi na saba. La Baba mkubwa lina dakika tisa. Shangazi Mwanahawa katuma video akilia. Memori imejaa tena! Nimefuta yote bila kusikiliza, nikapakua programu ya pili ya kusafisha, isaidiane na ya kwanza.

Jumatano, 4 Juni

Guta la mizigo, lile la matairi matatu, limekuja saa mbili asubuhi. Geti linapakiwa, simu inakataa. Nikabonyeza "Safisha kwa kina". Ikauliza maswali mengi. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, huku nakimbia pembeni ya guta. GB kumi na moja wazi! Nimepiga picha sita kabla halijafika kwenye lami. Bartolomayo alikuwa mlangoni kwake anakunywa uji. Nimempungia simu.

Alhamisi, 5 Juni

Aibu. Mama Angelina kafika saa nne. Nikatoa shikamoo, kiti, na simu. Picha za mageti yangu ya miaka mitano: hakuna. Zote nilizijibia ndiyo. Na zile sita za jana? Programu ya pili iliamka alfajiri, ikaona zinafanana, ikabakiza moja. Ya tairi la guta.

Nyingine iliyokuwepo ni ya Baba mkubwa, ya leo hii. Mama Angelina akauliza kama geti lenyewe ndilo hilo ua jekundu. Bartolomayo akamwambia geti alilotengeneza yeye liko mtaa wa pili, aende akaligonge kwa mkono wake mwenyewe. Wakaenda kwa miguu. Hawakurudi kwangu. Nimeumia sana.

Jumamosi, 7 Juni

Bartolomayo kaja. Anasema kazi ya Mama Angelina ni kubwa, tugawane: yeye fremu, mimi mapambo. Nimekataa! Sitaki kuhurumiwa, nataka geti zima. Na njia nimeipata. Kuna programu inayorudisha picha zilizofutwa. Jumatatu nitakuwa kwa Mama Angelina kabla Bartolomayo hajanunua hata nondo moja.

Inataka GB ishirini, na simu yangu ina kumi na moja tu. Munira kaenda sokoni Majengo, simu yake kaiacha kwenye chaji. Imejaa picha za harusi yetu. Nimezitazama kwa makini, zote zinafanana. Akirudi atakuta nimeshamsafishia.