Fainali Thelathini na Moja Zatafutiwa Chumba

Jumatatu, 4 Agosti
Kompyuta imeikataa mechi ya jana. Imejaa! Eti nifute vitu. Nifute nini? Fainali zangu thelathini na moja? Diski yetu ina sehemu mbili. C ni yangu, ndogo, imejaa hadi mlangoni. D ni ya mke wangu, fundi cherehani, anayechora humo nguo za wateja. Gigabaiti mia nne, na hajatumia hata mia na hamsini. Dhuluma! Kumwomba nilishamwomba mwaka jana. Aliniuliza mechi ambayo matokeo yake nayajua naitunzia nini.

Nitaipunguza D kimyakimya, niiongeze C. Usilolijua ni kama usiku wa kiza. Basi mama na alale.

Jumanne, 5 Agosti
Mke kaenda kununua vitambaa. Nimefungua programu ya kugawa diski, nikaikata D katikati: mia mbili huku, mia mbili kule. Ndoa ni haki sawa. Hakuna kilichofutika. Mikono yangu hii!

Kuiongeza C sasa. Kitufe kimefifia, hakibonyezeki. Nimekibonyeza mara kumi na tatu. Kumbe nafasi niliyoikata iko nyuma ya D, na C haipokei ila nafasi inayopakana nayo. D imejikalia katikati kama shemeji kwenye kochi.

Shemeji mwenyewe, kaka wa mke wangu, tunamwita Profesa. Alisoma kompyuta miezi mitatu, na tangu hapo hajibu swali bila kuguna kwanza. Angeweza kunisaidia. Afadhali nichimbe nafasi kwa jembe.

Jumatano, 6 Agosti
Ushindi! Ile nafasi nimeifanya sehemu mpya, E, na mechi zote zimehamia. Nimetazama mbili kwa chai. Raha iliyoje!

Halafu nikashtuka: mke ataiona E. Dawa ninayo. Sehemu ukiiondolea herufi yake haionekani tena, hadi uirudishie. Nikasikia viatu vyake ngazini, nikabonyeza upesi, nikazima. Alinikuta nasoma gazeti la mwezi uliopita.

Alhamisi, 7 Agosti
Mke ameuliza D iko wapi.

Nikakimbilia kompyuta. Sehemu mbili za ukubwa mmoja, na mimi nikabonyeza isiyo yenyewe. E ipo, inaonekana waziwazi. D haipo. Humo mna michoro na vipimo vya magauni ishirini na manne ya kwaya, yanayotakiwa Jumamosi asubuhi. Baya zaidi, kitufe cha kuondoa herufi kinapakana na cha kufuta sehemu nzima, na sikumbuki nilibonyeza kipi.

Nikamwambia ni umeme, ulikatika. Akasema haujakatika wiki nzima. Nikasema ulikatika kidogo. Akauliza kama umeme ndio ulioleta na fainali thelathini na moja. Njia ya mwongo fupi. Nikaomba dakika mbili nirekebishe. Akaninyang'anya kipanya, akampigia simu Profesa.

Ijumaa, 8 Agosti
Profesa kaja. Kaguna. Kaniambia nisimame pembeni. Kairudishia D herufi yake kwa dakika moja, na michoro yote imo! Ningeweza kumbusu, lakini alianza kueleza. Sehemu isiyo na herufi, alisema, ni nyumba iliyong'olewa namba. Wenyewe wamo ndani. Nikasema nilikuwa najua. Hakuna aliyesikia. Akanionya: usiguse sehemu za diski kabla hujachukua nakala. Nimekubali.

Mke akasema nakala anazo, kwenye diski yake ya nje, kila wiki tangu aliponizoea. Sasa jana alininyima usingizi wa nini? Akasema alitaka kuona ule umeme utafika wapi. Tukacheka mpaka Profesa akasahau kuguna. E kaniachia. Sharti moja: siku nyingine niombe. Mke kama huyu hapatikani!

Jumapili, 10 Agosti
Magauni yamevaliwa, kwaya imependeza, mke kapata wateja wapya watatu. Nyumba ina amani na mimi nimeridhika. D hana tena imani nayo. Kazi zake zote kazihamishia kwenye ile diski ya nje, D kaifuta.

Kaenda kwa mama yake, diski kaiacha mezani. Nimechungulia tu. Gigabaiti elfu moja! Michoro imejikunyata pembeni, kwingine kote kutupu, hata ukuta mmoja hakuna. Kabla hajarudi nitakuwa nimeshaigawa. Maneno ya Profesa sijayasahau, ila hapa hayahusu. Nichukue nakala ya nini, na hizo zilizomo zenyewe ndizo nakala?