Mtaa Ulikuwa Safi Mno

Jumatatu, 3 Juni

Leo nyota ya jaha imeniangukia! Kiwanda kinafungua Kitengo cha Uwajibikaji kwa Jamii. Kitengo kinahitaji mkuu, na mkuu atapewa ofisi yenye mlango. Mimi miaka yote nimekaa kando ya mashine ya kutoa nakala. Kila anayekuja kutoa nakala huniegemea begani akisubiri karatasi zake.

Mkurugenzi amesema kikaoni kwamba watu wanalalamika. Tunauza soda na maji, chupa zetu zinaziba mitaro, kwa hiyo sasa lazima kampuni ionekane inajali. Neno "ionekane" nimelipigia mstari. Kalamu Mbili wa idara ya mauzo (hubeba kalamu mbili mfukoni na haandiki kwa hata moja) akauliza kama si afadhali kampuni ijali kwelikweli. Kuna watu hujipendekeza bila haya.

Nikanyoosha mkono. Nikasema Jumamosi tusafishe mtaa mmoja, Mkurugenzi mwenyewe ashike ufagio, watu wa televisheni wapige picha. Mkurugenzi akatabasamu. Akasema mambo yakienda vizuri, ofisi ni yangu. Yakienda kombo... akaishia hapo. Sikupenda alivyoishia hapo.

Jumanne, 4 Juni

Mtaa nimeupata. Ni ule anaoishi shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, na ambaye sasa ni mwenyekiti wa akina mama wa pale. Mtaro wao ni mchafu kupindukia. Chupa zetu zimejaa mpaka paka anavuka bila kulowa. Nimesimama ukingoni nikiutazama kwa mapenzi.

Shangazi amefurahi hadi akashika mdomo. Ameuliza kama kweli Mkurugenzi mwenyewe atafika. Nikasema atafika, saa tatu kamili. Akasema siku zote aliwaambia majirani kwamba mimi nitakuja kuwa mtu, nao walikuwa wakicheka. Nikamwomba akina mama wawepo wote, wamependeza. Akasema niondoe wasiwasi, watajiandaa.

Alhamisi, 6 Juni

Fulana zenye nembo ya kampuni zimefika. Fagio mpya pia, na glavu nyeupe za Mkurugenzi. Kalamu Mbili amekuja kunishauri, bila kuombwa, kwamba kwanza tukae na wenyeji tuwasikilize wanataka nini. Nimemwambia mwenyeji ni shangazi yangu na anachotaka nakijua. Anataka nifanikiwe. Akanywea.

Nimepima dirisha la ofisi mpya na kununua pazia kabisa. La bluu.

Jumamosi, 8 Juni



Nimefika mapema na lori la kiwanda. Mtaa unang'aa. Hakuna chupa, hakuna hata kifuniko cha chupa. Mtaro umekwanguliwa, ukingo umepakwa chokaa, ardhi imenyunyiziwa maji vumbi lisitimke. Shangazi akatoka na kitambaa kichwani, amechoka hoi, anatabasamu. Akasema wamefagia siku mbili. Akaniuliza niliwezaje kudhani watampokea mgeni mkubwa kama yule kwenye uchafu.

Nikamweleza kwamba mgeni anakuja kusafisha. Akasema ndiyo, amesikia, na Mungu ambariki, lakini hawezi kuja akute mtaa mchafu. Nikaeleza upya, polepole. Akanitazama kama mtu aliyepandwa na homa, akaenda kuoga na kuvaa. Wenzake nao wakaingia ndani kuvaa.

Nikapiga moyo konde. Nikamwambia dereva wa lori turudi kiwandani mbio. Kule uani kuna lundo la chupa zilizotoka na kasoro, hazina kazi. Tukajaza magunia, tukarudi. Dereva akaniuliza kama nina hakika na ninachotaka kufanya. Nikamwambia hii ni huduma kwa jamii. Akasema huduma yake yeye ni kuendesha, akabaki kwenye usukani.

Basi nikamwaga mwenyewe. Gunia la kwanza mtaroni. La pili mtaroni. La tatu nikalitawanya ovyo ili taka zionekane zimekaa siku nyingi. La mwisho likiwa begani nikasikia milango ikifunguka nyuma yangu. Nikageuka. Shangazi, ndani ya gauni lake la harusi za watu, na akina mama wote wamejipanga. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama ni mimi.

Gari la Mkurugenzi lilikuwa linakunja kona, nyuma yake gari la televisheni, na mpiga picha alishatoa kamera dirishani.

Mkurugenzi akavaa glavu akaanza hotuba. Shangazi akamwomba radhi kwa kumkatiza. Akainama na gauni lile lile, akaokota chupa moja, akaokota nyingine. Akauliza kwa adabu kwa nini taka zote hizi zina jina la kiwanda chake, na kwa nini kiwanda kinazileta kwa lori, wakati siku zote zinafika zenyewe. Kamera ikamgeukia Mkurugenzi. Mkurugenzi akanigeukia mimi. Mimi sikuwa na wa kumgeukia.

Jumatatu, 10 Juni

Taarifa ya habari imenionyesha juzi, jana na leo asubuhi. Gunia begani, nembo kifuani. Mke wangu alizima televisheni, akachukua simu, akampa pole Shangazi. Mimi sikupewa pole na mtu.

Nilikwenda kazini nikijua nimemwaga unga. Ni vibaya kuliko hivyo. Kumbe Kalamu Mbili alikwenda kwa Shangazi jana, akakaa mkekani, akasikiliza mchana kutwa. Sasa kiwanda kitanunua chupa tupu kutoka kwa akina mama, na mtaro utajengewa mfuniko. Yeye ndiye mkuu wa kitengo. Ameshahamia ofisini, na pazia langu limetosha dirishani kwake kama alipimwa yeye.

Mimi nimepelekwa uani kupokea chupa.

Ijumaa, 14 Juni

Shangazi amekuja na magunia yake, akapanga foleni kama wengine. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, afisa.

Afisa! Mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu, aliyeniogesha akinisugua masikio mpaka yakawaka. Nikaanza kumwambia kwamba nilitaka tu aone nimekuwa mtu. Akaniuliza kama mizani imetulia. Nikasema imetulia. Akachukua risiti yake akaondoka bila kuangalia nyuma.

Nimekaa juu ya gunia, chupa zikilialia chini yangu kila nikivuta pumzi. Roho inaniuma na sioni sababu ya kuficha. Ofisi nimeikosa, lakini ofisi sikuwahi kuwa nayo. Shangazi nilikuwa naye.

Jumatatu, 17 Juni

Mkurugenzi amepita uani. Anataka kampuni ipande miti kwenye shule yoyote, maana picha zenye watoto hupendeza. Kalamu Mbili yuko safarini wiki nzima. Nikajitokeza kabla hajamaliza sentensi. Akasema ni nafasi ya mwisho, na asinione nimebeba kitu begani.

Nimechagua shule ya msingi ya mtaani kwa Shangazi. Yeye ndiye atakayepanda mti wa kwanza, mbele ya kamera, na baada ya hapo hataniita afisa tena.

Safari hii nimejifunza. Sikungoja siku yenyewe, nimekwenda leo leo kukagua uwanja. Na nimefanya vizuri, kwa sababu uwanja mzima umejaa miti. Mikubwa, ya kivuli, watoto wanasomea chini yake. Mlinzi anasema waliipanda akina mama wa mtaa zamani sana, Shangazi akiwa mbele, wakibeba maji kichwani kutoka bombani. Hakuna pa kuchimba hata shimo moja.

Sijakata tamaa. Mgeni anakuja Jumamosi, siku zipo. Nimeshapata msumeno wa kukodi. Dereva wa lori amekataa kuuliza ni wa nini.