Nirudishie Nguruwe Wangu wa Ukurasa wa Tisa

New Bedford, Massachusetts
3 Novemba 1846, mwaka wa tatu tangu niondoke Maryland bila kumuaga mwenye shamba

Ndugu Mhariri Pettibone,

Salamu, na pole kwa kazi. Mimi sijambo isipokuwa mgongo, maana mapipa ya mafuta ya nyangumi hapa gatini hayana huruma. Nimepokea kurasa za kitabu cha maisha yangu kama ulivyozirekebisha. Nimezisoma polepole, kwa sababu shule yangu ilikuwa ya kuibia. Nina malalamiko.

1. Ukurasa wa tisa. Mimi niliandika: "Bwana alianguka zizini amelewa, na nguruwe wakajisogeza kumpisha alale, kama mwenzao." Wewe umeandika: "Nilipomwona bwana wangu ameanguka, niliililia roho yake kwa uchungu." Ndugu, sikulia. Nilijificha nyuma ya pipa la pumba, nikauma kofia nisisikike.

2. Unasema wasomaji wa Boston hawatamwamini mtumwa anayecheka. Lakini si ndio unaotaka waamini kuwa mimi ni mtu? Hata ng'ombe hutoa machozi, nimemwona. Farasi naye huugua. Ila ng'ombe wa kumsema mwenye shamba, tena akachagua neno lipi litangulie na lipi lisubiri, bado hajazaliwa. Ukiniachia machozi peke yake, umewauzia ng'ombe aliyevaa kofia.

3. Mke wangu Keziah. Tulipotezana njiani tukitoroka. Nasikia alifika Kanada, mji siujui. Huko vitabu vyetu sisi tuliotoroka husomwa kwa sauti kanisani. Jina nimelibadilisha nisikamatwe, kwa hiyo kwa jina hatanijua. Atanijua kwa wale nguruwe. Akisikia mtu analia kurasa sita mfululizo, atasema, "Maskini, mume wa nani huyo?" kisha aende zake kupika.

4. Mwanzoni umeweka barua za mabwana weupe watano wanaoapa kwamba nipo na kwamba niliandika mwenyewe. Nashukuru. Lakini kwa haki, nami nikuandikie cheti, kichapwe mbele ya gazeti lako kila wiki: "Mimi, Absalom Fairweather, msukuma mapipa, namfahamu Bwana Pettibone. Nimemkagua. Ni mtu kamili, na tahariri zake huziandika bila msaada wowote, kama inavyoonekana."

Nisalimie mama watoto, wapanga herufi wote, na wale mabwana watano mmoja mmoja. Maryland nitarudi siku nitakayoweza kuingia kwa lango la mbele, mchana kweupe, Keziah akiwa pembeni ananisahihisha ninavyotembea.

Ni mimi, mwenye maisha yaliyomo kitabuni,
Absalom Fairweather

N.B. Kabla sijaifunga barua hii nimemsomea Juba Hadley, ninayelala naye chumba kimoja, aliyetujua mimi na Keziah tangu shambani. Kwenye nguruwe alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Absalom ndugu yangu, Keziah akisikia hiyo, atajua papo hapo ni wewe." Nikamwambia, si ndicho ninachotaka? Akasema, "Wee! Miaka yote ile mwanamke anakwambia funga mdomo, umesahau? Akijua ni wewe, haji ng'o!"

Kwa hiyo, ndugu mhariri, ukurasa wa tisa uache kama ulivyourekebisha wewe. Ukipata nafasi, ongeza kilio.