Daraja Lenye Pembe

Wenzangu, leo aibu imenipata mchana kweupe, nikiwa na chaki mkononi. Nimekimbilia saiba, kwenye kompyuta za kukodi, hapa Kitengela niwaandikie mwenyewe, kwa maana kufikia Jumamosi hata Kajiado mjini watakuwa wanaisimulia.

Mnajua nafundisha maadili ya kazi kwa wanafunzi wa uhandisi. Mnajua pia kwamba Mkuu wa chuo chetu halipendi somo hilo. Analiita mahubiri. Juzi aliniambia vijana wanahitaji saa zaidi kwenye karakana, kwa hivyo leo angekaa darasani kwangu, asikilize, kisha aamue kama somo litabaki kwenye ratiba ama litaondoka.

Nikajiandaa. (Hata shati nililipiga pasi mikono yote miwili. Kwa kawaida napiga ule wa kuandikia ubaoni.)

Asubuhi nikakusanya ripoti za ukaguzi. Kila mwanafunzi alikuwa ametumwa akatazame kitu kimoja kilichojengwa karibu na kwao: kisima cha Tuala, josho la ng'ombe, ukuta wa duka Kiserian. Chini ya kila ripoti kuna maneno haya: "Nimeisoma na nimeridhika." Mimi natia sahihi hapo, kisha Mkuu anatia yake na kupiga muhuri.

Ripoti zilikuwa thelathini na nne. Saa nne ikafika na chai, na chapati mbili moto. Mkono wa kushoto ukashika chapati, wa kulia kalamu. Nikapita nazo kama mtu anayepalilia. Katibu akazibeba kwa Mkuu, na kabla ya chakula cha mchana zilikuwa zimerudi na mihuri yake, na wanafunzi wamegawiwa.

Saa nane nikaingia darasani. Mkuu alikuwa ameketi nyuma, mikono kifuani. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: USITIE SAHIHI KWA KITU AMBACHO HUJAKISOMA WALA KUKIONA. Nikawaeleza polepole, kama ninavyopenda. Mnara wa tangi ukianguka, hauiangukii karatasi. Unamwangukia mama aliyekuja kuchota maji. Kwa hivyo sahihi ya mhandisi ni kiapo, si urembo.

Nikamwona Mkuu akitikisa kichwa kukubali. Somo limepona! (Hapo ndipo ningeaga na kwenda nyumbani.)

Badala yake nikauliza kama kuna swali.

Mkono ulioinuliwa ni wa Naisula, msichana wa dirishani. Tangu muhula uanze hajawahi kuuliza kitu. Mimi nilidhani huwa anahesabu mbuzi wanaopita nje.

"Mwalimu, niko na swali. Mtu akitia sahihi bila kusoma, huyo tumwite nani?"

Nikajibu kwa sauti ya kumfikia Mkuu. "Huyo, Naisula, ni hatari kuliko saruji mbovu. Saruji haikwenda shule."

"Hata kama ni mtu mzuri?"

"Hasa akiwa mzuri, kwa sababu hatutamshuku."

Akaomba awasomee wenzake ripoti yake. Nikamruhusu kwa furaha, nikaegemea meza.

"'Nimekagua daraja la nyumbani kwetu,'" akasoma. "'Daraja hili ni ng'ombe dume wa baba, jina lake Waziri. Lina nguzo nne imara na pembe mbili za kushikilia. Linaweza kupitisha lori la tani saba, isipokuwa wakati linakunywa maji.'"

Darasa likalipuka. Nikainua mkono, nikawatuliza, nikasema ripoti kama hiyo haiwezi kupita kwangu hata siku moja. (Kinywa changu, kwani ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?)

Naisula akaja mbele, akaniwekea karatasi mezani kwa mikono miwili, kwa heshima. Sahihi ni yangu, na ule mkia wake ninaojivunia. Pembeni yake, alama ya kidole gumba. Ya mafuta ya chapati.

Akaeleza bila dharau. Katika ripoti ya mwezi jana alikosea, akaandika kisima cha mita mbili badala ya mia mbili, nayo ikarudi imepita. Akashangaa. Leo alitaka kujua kama ile ilikuwa bahati.

Mkuu alikuwa amesimama, anafuta machozi ya kicheko. "Mwalimu," akasema, "hili somo umelizika mwenyewe."

Miaka minne ya kulitetea, na limeuawa na ng'ombe!

"Bwana Mkuu," Naisula akasema taratibu, "tafadhali angalia na ile sahihi ya chini."

Mkuu akaja mbele. Akavaa miwani. Akasoma. Akageuza karatasi, kama kwamba upande wa pili ungemsaidia. Muhuri wake ulikuwa umetua sawasawa juu ya jina Waziri.

Akaketi kwenye kiti changu. Kisha akasema somo libaki, liongezwe saa moja kila wiki, na yeye mwenyewe atakuwa anakaa pale nyuma. Vijana wakapiga makofi mpaka karakana wakazima mashine kusikiliza.

Naisula nimempa alama zote. Nimeisoma ripoti yake mara tatu kwanza.

Sasa mkicheka, chekeni kidogo. Na kama kuna mwenye lori la tani saba anayetaka kuvuka, daraja lipo, lina sahihi mbili na muhuri. Asubiri tu limalize kunywa maji.