Uzinduzi wa Ofisi Tembezi Iliyokwama Kwenye Kona

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, ambaye najua umefika kwa kuwa naiona kofia yako upande wa pili wa bampa. Waheshimiwa wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati inayoichunguza kamati ndogo. Wadau wa maendeleo. Mama mwenye saluni. Fundi cherehani, unayenisikiliza kutoka dirishani kwa sababu mlango wako tumeuziba. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi machache. Mtu anapiga chafya.)

Nimesimama mbele yenu, au tuseme juu yenu kidogo, kwenye ngazi ya gari-nyumba hili lenye urefu wa mita kumi na moja, vitanda viwili, jiko na choo, nikiwa Kaimu Naibu Mkurugenzi wa Mipango Inayosogea, kuzindua rasmi programu jumuishi ya Ofisi Tembezi kwa Kila Mtaa, ambayo, kama mnavyoona wenyewe, imewafikia wananchi kwa ukaribu ambao haujawahi kushuhudiwa. (Sauti kutoka dirishani: "Imenifikia mpaka kwenye bawaba!") Asante, fundi, kwa kuunga mkono.

Sasa, yapo maneno yanayosambazwa na watu wasiopenda maendeleo kwamba gari hili limekwama. Ndugu zangu, gari hili halijakwama. Gari hili, tangu Jumanne, lipo katika awamu ya kutafakari kona. (Kicheko.) Tuwe wakweli kitaalamu. Magurudumu ya mbele ya gari la namna hii hukata pembe ya nyuzi thelathini na tano tu, halafu yanagoma. Na kwa kuwa magurudumu ya nyuma yako mbali sana na ya mbele, nusukipenyo cha mgeuko kinakuwa kikubwa, na ule mkia unaoning'inia nyuma unachapa upande wa pili. Hapo ndipo lilipokwenda bango la saluni. Dereva wetu, mzee huyu mpole, aliniambia palepale, "Mheshimiwa, gari linataka mita kumi na nne kugeuka, na mimi hapa naona sita." Nikamjibu, "Ingia tu, mzee wangu. Hizo nane zilizobaki tutazipata kiutawala."

Tathmini yetu inaonyesha kwamba asilimia themanini na mbili ya gari tayari imekwisha kupita kona. Ni asilimia kumi na nane tu—

(Mwanamke mwenye kanga mbili anasukuma watu hadi mbele: "We baba! Mimi ni shangazi wa bibi harusi! Harusi ni saa nane leo, na gauni lake liko humo ndani kwa fundi!")

Shangazi, nakuheshimu sana. Suala lako limepokelewa. Kwani haliwezi kupita dirishani?

(Fundi: "Dirisha lina nondo, Mheshimiwa! Na gauni lina waya chini, limetanuka kama mwavuli. Nikilikunja, limekwisha!" Shangazi: "Bibi harusi mwenyewe amekaa kitandani analia tangu asubuhi, kajifunga taulo!")

Jambo hili linanigusa. Mimi pia ni mzazi. Ndiyo maana idara yangu itaunda jopo la... Mama Saluni, unakwenda wapi? Mama, upande huo ni wa watumishi!

(Mama mwenye saluni amefika kwenye dirisha la dereva, mikono ikiwa bado na povu. "Baba, shikamoo. Mimi kabla ya nywele niliendesha lori miaka tisa. Utanifuata?" Dereva: "Marahaba, mwanangu. Nitakufuata hata kwenye mtaro.")

Wananchi, msibabaike, hili limo kwenye ratiba. (Injini inawaka.) Kama nilivyokuwa nikieleza, pembe ya usukani ni nguzo ya— ("Kata kulia yote! Yote, baba! Rudi kidogo. Simama!") —ni nguzo ya utawala bora, kwa sababu kiongozi asiyejua— ("Sasa kushoto yote, mbele nusu hatua. Simama! Mkia huo, angalia mkia!") —asiyejua mkia wake unapita wapi, atawezaje kuwa na dira? (Gari linasogea kiganja kimoja. Mheshimiwa anakumbatia kioo cha pembeni.)

Hii tunaita mgeuko wa hatua kwa hatua. Wengine walitaka tubomoe ukuta wa fundi, na nakiri nilikuwa nimekwisha kusaini barua. ("Mara ya kumi na nne! Kata kulia!") Barua hiyo naifuta sasa hivi, hadharani, kwa mdomo wangu. ("Mlango umefunguka! Fundi, toka!")

(Fundi cherehani anatoka kinyumenyume, amelinyanyua gauni jeupe juu ya kichwa. Vigelegele mtaa mzima. Shangazi analipokea, anamkumbatia Mama Saluni, povu na yote, kisha anakimbia.)

Asanteni! Asanteni kwa vigelegele hivyo! Nimezoea kupendwa, lakini leo mmezidi! (Gari limenyooka, linaanza kuondoka polepole. Watu wanatembea kando yake.) Semeni nami: Ofisi Tembezi! ("Itembee!") Ofisi Tembezi! ("Ipotee!") Usukani ni wenu! ("Breki ni zetu!")

Kabla kasi haijaongezeka, nitoe shukrani. Namshukuru kwa dhati dereva, mwalimu mstaafu, pamoja na mkewe, huyu mama aliyenipikia uji kwa siku tatu bila kuniuliza cheo, ambao Jumanne walisimama mbele ya ofisi yangu, wakiwa safarini na gari lao, kuuliza tu njia ya kwenda barabara kuu, nami nikapanda kuwaelekeza. (Dereva: "Na hujatuelekeza mpaka leo!") Kuhusu Ofisi Tembezi yenyewe, wananchi, ondoeni shaka: idara itaanza kuifikiria mara tu mzee huyu atakapokubali kunishusha. Mzee? Mzee wangu, ofisi yangu tumeipita!