Mashine ya Kunusa Dawa

Majaliwa alipoona tangazo la mbio za baiskeli za wanawake ukutani pale Nyasubi, alisoma mstari mmoja tu kwa makini: washiriki watapimwa dawa za kusisimua misuli. Wengine waliona onyo. Yeye aliona ajira.

Kesho yake alikwenda Masumbwe, akamwachia mchimbaji mmoja pikipiki yake rehani, akakodi mashine ya kutafutia dhahabu. Kahama nzima inaijua mashine hiyo: mpini mrefu, sahani chini, na mlio kila ikikuta chuma. Kwa hiyo akaivika foronya nyeupe, akaichora msalaba mwekundu, naye akavaa koti jeupe. Sisi hatuhoji koti jeupe. Mwenye koti jeupe akisema kojoa hapa, tunakojoa.

Mteja wake alikuwa Enock, mnunuzi wa dhahabu mwenye tumbo la heshima na timu ya waendesha baiskeli. Enock aliupenda mchezo kwa moyo wote, hasa ile sehemu ya kushinda.

"Shikamoo, bosi. Natoka kitengo cha kupambana na dawa michezoni. Mashine hii inanusa dawa mwilini kwa mawimbi."

"Marahaba. Inamnusa kila mtu?" Enock aliuliza kwa wasiwasi. Mwendeshaji wake, Nelly, alikuwa akimeza "vitamini" zisizo na jina tangu Pasaka.

"Inategemea nani kaishika, bosi."

"Na Limi, yule muuza maziwa? Inaweza kumnusa?"

"Sayansi haina upendeleo," Majaliwa alisema kwa huzuni ya mtu mwadilifu. "Ina gharama tu."

Enock akampa kipande cha dhahabu, ukubwa wa punje ya hindi. Majaliwa akakitia ndani ya soksi, mahali ambapo wataalamu wengi huhifadhi maadili yao.

Siku ya mbio, Nelly na wenzake walipimwa wakiwa mbali na baiskeli zao. Mashine ikanyamaza. Ikafika zamu ya Limi. Mwanamke huyu alikuwa akisomba maziwa kwa baiskeli kila asubuhi kutoka kijijini, na zawadi ya kwanza ilikuwa pikipiki. Kabla ya kununua ng'ombe wake alibeba mawe machimboni miaka miwili. Mashine ile aliitambua hata ndani ya foronya.

"Shika baiskeli yako, dada," Majaliwa aliamuru.

"Mbona wenzangu hawakushika?"

"Ndio utaratibu."

Limi akaiegemeza baiskeli ukutani, akasogea hatua kumi, akanyoosha mikono. "Haya, daktari. Nipime."

Majaliwa akapitisha mashine juu, chini, mbele, nyuma. Kimya. Enock akakohoa. Ikapitishwa tena. Kimya.

"Sasa na mpimaji apimwe!" Limi alipaza sauti. "Tutajuaje kama mashine ni nzima?"

Watazamaji wakashangilia. Mwenyekiti wa kamati, ambaye tangu asubuhi alitamani kuishika, akaipokonya na kuanza kazi. Kichwani, kimya. Kiunoni, kimya. Ilipofika kwenye kifundo cha mguu ikapiga yowe.

"Daktari kajaza dawa mguuni!" mtu akapayuka.

Soksi ikavuliwa. Dhahabu ikameta juani, na umati wote ukatulia kwa ile heshima ambayo huku kwetu hata misa haiipati.

"Ya nani hii?" mwenyekiti aliuliza.

Majaliwa akamtazama Enock. Enock akatazama mbingu, ambayo haikuwa na hata wingu la kutazamwa.

"Mzee Enock, wewe ndiye mnunuzi," Limi alisema kwa adabu. "Huitambui?"

"Nitaitambulia wapi?" Enock alijibu, jasho likimtiririka.

"Basi kama haina mwenyewe, iongezwe kwenye zawadi."

Makofi yalilipuka, na Enock naye akalazimika kupiga. Majaliwa akatumia kelele hizo kutoweka, bila dhahabu, bila mashine, na kwa hiyo bila pikipiki.

Limi alishinda kwa mbali. Kwenye mstari wa mwisho alikuta wapimaji wa kweli, watu wawili wapole wenye chupa ndogo. Akatoa mkojo wake, akasaini, akaenda kuchukua zawadi.

Nelly alifika wa pili. Alipoona zile chupa hakushika breki. Alipita mstari, akapita wapimaji, akampita Enock aliyekuwa akimpungia mkono, akashika barabara ya Isaka kwa kasi ambayo bosi wake alikuwa ameitafuta siku nzima.

Njiani alimkuta mwanamume mwenye koti jeupe na soksi moja, akitembea kwa miguu. Mwanamume alinyoosha mkono kuomba lifti. Nelly hakupunguza mwendo.